Saratani ya kibofu cha mkojo: tuvielewe vihatarishi vyake, na kwa nini daktari huuliza mambo ya miaka 30 iliyopita

Mwanzisha uzi

Salaam ndugu wanajukwaa.

Baba yangu mzazi alipofikishwa kwa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, swali la kwanza aliloulizwa halikuhusu maumivu wala dawa alizokuwa akimeza. Aliulizwa alifanya kazi gani alipokuwa kijana. Sisi watoto tulitazamana, kwa sababu mzee alikuwa na miaka 71, alikuwa amestaafu zamani, na kazi ya kuchanganya rangi katika kiwanda cha ngozi, aliyoifanya kabla hajaoa, tulizoea kuisikia kama hadithi za ujana wake. Daktari aliandika idadi ya miaka ya kazi hiyo, akaandika pia miaka ambayo mzee alivuta sigara, ndipo akaendelea na vipimo. Uzi huu nimeufungua kwa sababu ya swali lile, kwani naamini wengi wetu tungelijibu kwa haraka tu, au tungeona kwamba halihusiani kabisa na damu iliyoonekana kwenye mkojo wiki iliyopita.

Nianze na maana ya neno lenyewe. Kihatarishi ni jambo linaloongeza uwezekano wa mtu kupata ugonjwa. Si hukumu kwamba ataupata, wala kutokuwa nalo si kinga kamili. Wapo wavutaji wa miaka 50 ambao hawakuugua kamwe, na wapo wagonjwa ambao daktari hakuweza kuonyesha kihatarishi chochote katika maisha yao zaidi ya umri. Nasisitiza hili mapema kwa sababu mgonjwa hupata mzigo wa pili pale ndugu wanapoanza kumtafutia kosa.

Sasa, kwa nini kibofu? Figo huchuja damu mchana na usiku, na takataka ambazo mwili umeamua kuzitoa hushuka kwa mirija hadi kwenye kibofu, ambako husubiri kwa saa kadhaa kabla ya kutolewa. Maana yake ni kwamba sumu iliyoingia kwa njia ya mapafu, ngozi au tumbo, ambayo katika damu ilikuwa imetawanyika, hukusanywa na kukaa ikiwa imegusana na utando wa ndani wa kibofu. Utando huo umejengwa na seli zenye uwezo wa kutanuka na kunywea, na saratani nyingi za kibofu huanzia hapo. Ukiishika picha hiyo, utaona kwamba vihatarishi vinavyoonekana kutofanana, yaani moshi wa sigara, rangi za viwandani, maji yenye arseniki na dawa fulani za hospitalini, vyote vinapita mlango mmoja.

Sigara ndiyo inayoongoza, na wala haina mshindani wa karibu. Takribani nusu ya saratani zote za kibofu zinahusishwa na uvutaji wa tumbaku, na mvutaji ana uwezekano wa kuugua unaofikia mara tatu au zaidi ya ule wa mtu ambaye hajawahi kuvuta. Watu wengi wakisikia sigara hufikiria mapafu na koo, na ninaelewa ni kwa nini, kwa sababu huko ndiko moshi unakoonekana ukipita. Lakini ndani ya moshi huo mna kemikali za jamii ya amini aromatiki, zikiwemo naftilamini na aminobifenili, ambazo huingia kwenye damu, hubadilishwa na ini, na kuishia kwenye mkojo. Ini lenyewe lina kimeng'enya kinachozipunguza makali, ila watu hutofautiana kwa kuzaliwa: wapo ambao kimeng'enya chao hufanya kazi haraka na wapo ambao hufanya kazi polepole, na hao wa polepole hubaki na sumu hizo kwa muda mrefu zaidi. Hiyo ni sababu mojawapo kwa nini wawili waliovuta pakiti sawa kwa miaka sawa wasipate matokeo sawa.

Kemikali hizo hizo ndizo zilizofungua elimu ya ugonjwa huu. Mwaka 1895 daktari mpasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, alieleza kuhusu uvimbe wa kibofu kwa wafanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza rangi ya fuksini. Yeye aliishuku anilini, kemikali ya kutengenezea rangi. Miaka ilipita, na ikabainika kwamba wahusika wakuu walikuwa jamaa zake wa karibu, hasa naftilamini ya aina ya pili na benzidini. Shirika la Kazi Duniani lilitoa taarifa kuhusu saratani ya kibofu kwa wafanyakazi wa viwanda vya anilini mwaka 1921, na mwaka 1938 Wilhelm Hueper alionyesha kwamba mbwa waliopewa naftilamini hiyo walipata uvimbe wa kibofu. Hata hivyo, katika nchi nyingi kemikali hizo ziliendelea kutumika kwa miaka mingi baadaye. Kila nikizitazama tarehe hizi moyo huniuma, kwa sababu tangu onyo la kwanza la daktari hadi marufuku za kweli zilipita zaidi ya nusu karne, na walioishi katika nusu karne hiyo walikuwa wakirudi nyumbani na vidole vilivyokolea rangi bila kuambiwa lolote.

Kazi zinazotajwa leo katika orodha za tahadhari ni pamoja na utengenezaji wa rangi, viwanda vya mpira, uyeyushaji wa alumini, kazi ya kupaka rangi majengo na magari, na kazi zenye moshi mwingi wa dizeli. Mwaka 2022 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya kuzima moto katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, yaani lile la vilivyothibitishwa kwa binadamu, na kibofu kilikuwa miongoni mwa viungo ambavyo ushahidi wake ulionekana kutosha.

Karibuni tuchangie. Nitajibu ninayoyajua.

Mchangiaji wa kwanza

Asante sana, ndugu, na pole kwa kuuguza. Mimi niliacha sigara miaka 12 iliyopita baada ya kuvuta kwa miaka 20. Je, naweza kuhesabu kwamba nimeshavuka, au madhara yalishaandikwa na hayafutiki?

Mwanzisha uzi

Hongera kwa kuacha, na nakuomba usirudi nyuma hata kwa sigara moja ya furaha. Jibu la kweli liko katikati ya hayo mawili. Uchambuzi uliounganisha tafiti 11 na kuchapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba hatari hupungua kwa zaidi ya asilimia 30 ndani ya mwaka mmoja hadi minne tangu mtu aache, na kwamba baada ya miaka 25 huwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 60, ingawa haifiki mahali alipo yule ambaye hajawahi kuvuta. Kwa hiyo kila mwaka unaoongeza una faida halisi, lakini ukiulizwa na daktari usijibu kwamba wewe si mvutaji kisha ukanyamaza. Mwambie ulivuta kwa miaka 20 na umeacha kwa miaka 12. Kwake hayo ni maelezo mawili tofauti, na yote mawili anayahitaji.

Mchangiaji wa pili

Naomba niongeze kuhusu kichocho, kwa kuwa mwanzisha uzi hajakigusa. Nilipokuwa mtoto tuliogelea kwenye maji yaliyotuama yenye konokono, na wavulana wengi tulikojoa damu. Hakuna aliyeshtuka, wakubwa wetu walisema ni dalili kwamba tunakua.

Mwanzisha uzi

Nakushukuru, mkuu, na umesema jambo ambalo limeandikwa kuhusu sehemu mbalimbali ambako ugonjwa huo umeenea, kwamba mkojo wenye damu kwa mvulana ulichukuliwa kuwa ishara ya kubalehe. Hilo ni kosa lililogharimu wengi.

Minyoo ya kichocho cha mkojo iligunduliwa na Theodor Bilharz mjini Cairo mwaka 1851. Huishi wawili wawili, dume na jike, katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu, na jike hutaga mayai yenye mwiba ambayo hupaswa kupenya ukuta wa kibofu ili yatoke na mkojo. Damu inayoonekana hutokana na kupenya huko. Mayai mengine hayafiki nje. Hunasa ukutani, na mwili huyashambulia kwa miaka na miaka. Ukuta huwa mgumu na wenye makovu, utando wa ndani hubadilika na kufanana na ngozi, na bakteria wanaojipatia makazi humo huzalisha kemikali za jamii ya nitrosamini. Saratani inayoota katika mazingira hayo kwa kawaida huwa ya aina nyingine, ile ya seli bapa, na huwapata watu wakiwa na umri mdogo kuliko wagonjwa wa sigara. Tangu mwaka 1994 minyoo hiyo imo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani.

Misri ndiyo inayotufundisha zaidi hapa. Kwa miongo mingi saratani ya kibofu ya seli bapa ilikuwa mzigo mkubwa kwa wakulima wa bonde la Nile, lakini kadiri tiba ya kichocho ilivyosambazwa, sehemu ya aina hiyo ilishuka, na ile inayohusishwa zaidi na sigara ikachukua nafasi ya kwanza. Kihatarishi kimoja kilidhibitiwa, kingine kikabaki kimeachwa. Wewe binafsi, kama hukuwahi kutibiwa kwa prazikwanteli, dawa ya kichocho, au kama ulitibiwa kisha ukarudi kwenye maji yale yale, ni vyema uende upimwe mkojo na uieleze historia hiyo bila kuona haya.

Mchangiaji wa tatu

Mimi ni mwanamke wa miaka 58 na sijawahi kuvuta sigara. Nilikuwa nikitokwa na damu kidogo kwenye mkojo, bila maumivu yoyote, na katika kituo kimoja cha afya nilipewa dawa za UTI mara tatu ndani ya miezi mitano bila mkojo wangu kuoteshwa maabara kutafuta vijidudu hata mara moja. Mara ya nne nilikutana na daktari mwingine aliyekataa kuniandikia dawa hizo na kunipeleka kuangaliwa kwa kamera. Uvimbe ulikuwepo. Namshukuru Mungu ulikuwa bado wa juu juu, na umetolewa. Swali langu ni kwamba, kama ugonjwa huu ni wa wanaume wavutaji, mimi ulinijia kutoka wapi?

Mwanzisha uzi

Pole sana, dada yangu, na ninafurahi kwamba umeondolewa mapema.

Ni kweli kwamba wanaume huupata takribani mara tatu hadi nne zaidi ya wanawake, na kwamba wagonjwa tisa kati ya kumi wana umri unaozidi miaka 55. Lakini takwimu hizo zimewadhuru wanawake kwa namna isiyotarajiwa. Kwa kuwa ugonjwa unadhaniwa kuwa wa wanaume, na kwa kuwa maambukizi ya njia ya mkojo huwapata wanawake mara nyingi, mwanamke mwenye damu kwenye mkojo hutibiwa kwanza maambukizi, tena na tena, na hivyo wanawake huchelewa kugunduliwa na wengi wao hufika uvimbe ukiwa umekwenda mbali. Ulichopitia kinajulikana katika tafiti, na hakikuwa kosa lako.

Kuhusu ulikotoka, huenda hakuna atakayeweza kukuambia kwa uhakika. Umri wenyewe ni kihatarishi, kwa sababu seli zilizoishi miaka mingi zimejigawa mara nyingi na kukusanya makosa mengi. Ningekuuliza pia kuhusu maji ya kunywa ya utotoni. Arseniki iliyomo ardhini huyeyuka katika maji ya visima na mito bila rangi, bila harufu na bila ladha, na hili limeonekana Taiwan, Bangladesh na kaskazini mwa Chile. Katika mji wa Antofagasta huko Chile, kuanzia mwaka 1958 watu walikunywa maji ya mto yenye takribani mikrogramu 860 za arseniki kwa lita, ilhali kiwango cha Shirika la Afya Duniani leo ni mikrogramu 10. Mtambo wa kuyasafisha ulianza kazi mwaka 1970. Vifo vya saratani ya kibofu havikushuka mwaka huo wala muongo uliofuata. Viliendelea kuwa juu kwa miongo kadhaa, kwa watu ambao walikuwa wameshayasahau maji yale. Ndiyo maana daktari wa baba yangu alianzia mbali.

Mchangiaji wa nne

Je, dawa? Mama mkwe alitibiwa saratani ya shingo ya kizazi kwa mionzi miaka 15 iliyopita, na dada yangu anatumia dawa iitwayo siklofosfamidi kwa ajili ya lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Naogopa kuuliza, lakini nauliza.

Mwanzisha uzi

Umefanya vema kuuliza, na naomba kwanza mtu yeyote asisome jibu hili kisha akaacha dawa. Siklofosfamidi ikivunjwavunjwa mwilini hutoa kemikali iitwayo akrolini, ambayo hukwaruza utando wa kibofu, na matumizi ya dozi kubwa kwa muda mrefu huongeza hatari. Madaktari wanalijua hilo. Ndiyo maana humhimiza mgonjwa anywe maji mengi na kukojoa mara kwa mara, na katika dozi kubwa huongeza mesna, dawa inayoikamata akrolini kwenye mkojo. Lupasi isiyotibiwa inaweza kuziharibu figo kabisa, kwa hiyo mizani hupimwa na daktari anayemjua dada yako. Mionzi ya nyonga nayo huongeza hatari miaka mingi baadaye, na kwa mama mkwe jambo la lazima ni kwamba damu yoyote kwenye mkojo isipuuzwe kwa hoja kwamba ni athari za mionzi tu.

Nipitie kwa ufupi mengine ya kundi hili. Pioglitazoni, dawa ya kisukari, ilisimamishwa Ufaransa mwaka 2011 kwa sababu ya wasiwasi huu, ingawa kwingineko inaendelea kutolewa kwa tahadhari na haishauriwi kwa mwenye saratani ya kibofu. Mpira wa mkojo unaokaa kwa miaka, kama kwa waliojeruhiwa uti wa mgongo, pamoja na mawe ya kibofu yasiyotolewa, huleta muwasho wa kudumu unaoweza kuishia kwenye saratani ya seli bapa. Hali ya kurithi iitwayo sindromu ya Lynch, inayojulikana zaidi kwa saratani ya utumbo mpana, huigusa njia ya mkojo pia, lakini kwa wagonjwa walio wengi urithi si hadithi kuu.

Mchangiaji wa tano

Mbona watu husema kahawa na sukari bandia ndizo zinazoleta? Na kubana mkojo je?

Mwanzisha uzi

Kahawa iliwahi kushukiwa rasmi: mwaka 1991 iliwekwa katika kundi la vitu vinavyowezekana kusababisha saratani ya kibofu, na mwaka 2016 ikaondolewa humo baada ya tafiti nyingi zaidi kupimwa. Wanywaji wengi wa kahawa walikuwa pia wavutaji, na sigara ilikuwa ikivisingizia vikombe vyao. Sakarini, aina mojawapo ya sukari bandia, ilileta uvimbe kwa panya, lakini ilibainika kwamba hutokea kwa njia inayohusu mkojo wa panya, si wa binadamu, na Marekani iliiondoa katika orodha yake ya visababishi mwaka 2000. Kubana mkojo na kunywa maji kidogo kuna mantiki ukikumbuka nilichoeleza kuhusu kusubiri, ila tafiti zimetofautiana, kwa hiyo sitakiweka katika safu moja na sigara.

Mchangiaji wa sita

Ninapaka rangi majengo kwa miaka 18 sasa, na sivuti. Kwa maelezo haya, je, niende nikapimwe kamera hata kama sina dalili?

Mwanzisha uzi

Kaka, kwa mtu asiye na dalili hakuna upimaji wa jumla unaopendekezwa kwa ugonjwa huu, na kamera ya kibofu si kipimo cha kufanya ili kutuliza moyo, kwani nacho kina maumivu yake na hatari ya kuingiza maambukizi. Kumbuka pia tofauti ya uwiano na idadi: hatari ikiongezeka kwa robo, mtu aliyekuwa na nafasi ndogo bado ana nafasi ndogo. Duniani watu takribani 614,000 waligunduliwa na saratani hii mwaka 2022 na takribani 220,000 walifariki, idadi ambayo ni kubwa kwa familia husika, lakini haimaanishi kwamba kila mpaka rangi yuko njiani.

Yaliyo mikononi mwako ni haya. Vaa barakoa yenye kichujio cha mvuke unapopuliza rangi, maana kitambaa cha kawaida hakizuii mvuke. Usinawe mikono kwa tina, kile kiyeyusho cha rangi. Vua nguo za kazi kabla hujakaa kula. Andika mahali aina ya rangi na viyeyusho ulivyotumia, na miaka yake, kwa sababu miaka 20 ijayo hutakumbuka majina. Ukiona mkojo mwekundu, wa rangi ya waridi au kama chai ya rangi, hata mara moja tu, hata kama kesho yake umesafika na huna maumivu yoyote, nenda ukaonwe. Damu ya ugonjwa huu ina tabia ya kuja na kupotea, na kupotea kwake ndiko kulikomfanya baba yangu akae nyumbani kwa miezi minne. Uvimbe wake ulipogunduliwa ulikuwa umeshavuka utando na kuingia kwenye msuli.

Ukifika kwa daktari, usisubiri akuulize ulifanya kazi gani. Mpe karatasi yako.